Barua kwa mwanangu: Mkimaliza kuimba, laleni

Morogoro

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yako. Ratiba uliyomtumia mama yako nimeisoma, nikairudia, halafu nikachukua karatasi na kupiga hesabu za barabara. Tanga Alhamisi, Mombasa Jumamosi usiku, Nairobi Jumapili saa tisa alasiri. Hapo kati ya Mombasa na Nairobi ndipo nilipokwama. Ni karibu kilometa 480. Mkianza kuimba saa tatu mtamaliza saa sita. Mpaka mkunje nyaya, mpakie spika na kumfuata mwenye ukumbi awape pesa yenu, ni saa nane. Kwa hiyo mnaingia barabarani saa nane za usiku, ndani ya Noah, na anayeshika usukani ni huyo huyo fundi mitambo aliyekuwa amesimama tangu mchana. Nimeelewa vizuri?

Sikuandikii ili uache kuimba. Hilo lilikwisha, na yale ya Kilosa hatuyarudii. Nakuandikia juu ya kusafiri usiku.

Wiki iliyopita alikuja dukani fundi mmoja kutafuta taa za mbele za Noah. Gari ni la vijana wanaopiga muziki wa harusi, walikuwa wanarudi kutoka Iringa alfajiri, na dereva akasinzia ndani ya hifadhi ya Mikumi. Wamepona, lakini mpiga kinanda bado amelazwa. Nilipoziona zile taa zilizovunjika nilifunga duka mapema.

Wewe umekulia Morogoro, unajua mji huu ulivyo kwenye muziki. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, bendi ikabaki mikononi mwa Juma Kilaza. Mbaraka Mwinshehe, ambaye na Morogoro Jazz walifika hadi Osaka, Japani, kwenye yale maonyesho makubwa ya 1970, naye ajali ya gari ilimchukua kule Mombasa, Januari 1979. Hakuwa amefika miaka 35. Nilikuwa mwanafunzi bado, na baba yangu siku ile hakula. Majina mawili makubwa kuliko yote ya mji wetu, yote yamekwenda na barabara. Na wewe ratiba yako inakupeleka Mombasa.

Utaniambia siku hizi hata mabasi yanatembea usiku. Ni kweli, yameruhusiwa tangu Oktoba 2023 baada ya kuzuiwa miaka mingi. Lakini basi la safari ndefu linatakiwa liwe na madereva wawili, na lina kifaa ambacho LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanaona mwendo wake. Noah yenu inaonwa na nani?

Najua pia jibu lako la pili, kwamba kulala gesti watu wanne kunamaliza faida yote. Mwanangu, hesabu hizo nazielewa kuliko unavyodhani. Msanii mwenye kampuni nyuma yake anaambiwa tu panda gari. Wewe mafuta ni yako, matangazo ni yako, chakula cha wenzako ni chako, kiingilio mnagawana na mwenye ukumbi, na zile za kusikilizwa mtandaoni ulinionyesha mwenyewe zinavyoingia kwa senti. Ndiyo maana nasema kitanda kisitoke kwenye faida. Kiingize kwenye makubaliano kabla hujakubali tarehe. Mwenye ukumbi akikuambia hana bajeti kubwa, mwambie basi apunguze pesa kidogo atoe vyumba viwili na chai ya asubuhi. Wengi wana ndugu au rafiki mwenye gesti, wao hawalipi bei unayolipa wewe. Na kianzio kiingie kwenye simu kabla hamjaondoka Dar. Mtu asiyetaka kutoa kianzio ndiye atakayekuacha ukisubiri pesa mpaka saa nane.

Kwa Nairobi, nimeulizia. Treni ya Mombasa ipo tangu 2017, na kuna inayoondoka asubuhi. Panda hiyo na gitaa lako. Gari lifuate kukishapambazuka, polepole, na vyombo. Wenzako wakichelewa, omba watu wa Nairobi wakusogezee hadi jioni, na wakikataa anza peke yako. Unaweza. Ile video ya Nafasi, kituo cha sanaa cha Dar, nimeiangalia mara nyingi, gitaa moja na sauti yako, na watu wote wametulia hadi unasikia kiti kikilia. Sikukuambia wakati ule. Mama yako ndiye aliyekuwa anakuja kukuona, mimi kila mara duka lilikuwa na sababu.

Sasa gari lenyewe. Usikubali neno la mwenye gari kwamba matairi ni mazima. Inama uangalie ubavuni mwa tairi, kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Hapa Msamvu wananiletea matairi ya mtumba yana kashata, yaani meno ya tairi, nzuri kabisa, ukisoma namba unakuta limezeeka, na mpira uliozeeka hupasuka kwenye joto ukiwa na mzigo. Spika zenu ni mzigo. Angalia na la akiba. Halafu ulizia kama gari lina kadi ya njano ya COMESA, bima ya hapa peke yake haitoshi ukivuka mpaka wa Horohoro. Namba ya kiwandani ya gitaa na ya vile vipaza sauti iandikishe mpakani wakati wa kutoka, ili ukirudi kwa Namanga wasikudai ushuru wa vitu vyako mwenyewe. Na cheti cha homa ya manjano, kiko kwenye kabati la mama yako, atakitumia pamoja na barua hii.

Zile nyimbo mbili mpya umezisajili COSOTA, kwa watu wa hakimiliki? Uliniambia mwezi wa Ramadhani kwamba utakwenda. Unaziimba nchi nzima na sasa unazivusha mpaka, bila karatasi. Sipendi.

Jambo jingine linaloniuma nitalisema mara moja. Umeandika Tanga, Mombasa, Nairobi, Arusha, Dodoma. Morogoro haipo. Kutoka Dodoma treni ya umeme inasimama hapa, si njia ya kuzunguka. Hata kama ukumbi hakuna, shuka ulale siku mbili. Watu wa mtaani wananiuliza mwanao anaimba wapi, nami nawaonyesha kwenye simu, na simu yangu unaijua sauti yake. Nimewaambia sauti halisi si hiyo.

Lakini kabla ya Morogoro kuna Mombasa. Mama yako anasema nimelisema vya kutosha, wewe ni mtu mzima. Nakubali ni mtu mzima. Huyo dereva naye ni mtu mzima, na usingizi hauulizi umri. Mwambie mapema, mbele ya wenzako, kwamba baada ya onyesho funguo unazishika wewe. Wakinung'unika, sema baba ndiye aliyekataa.

Bibi yako amepasuliwa jicho la kulia, anaona vizuri, la kushoto ni baada ya mavuno. Mdogo wako anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, akiulizwa anasema yuko tayari, vitabu nakuta mahali pale pale. Bati la jikoni bado linavuja upande wa tangi, fundi kachukua pesa ya misumari na hajarudi. Maji yanatoka usiku tu, kwa hiyo mama yako halali vizuri. Lile sufuria kubwa ulilochukua wakati wa Idi linahitajika, kuna arobaini ya jirani mwisho wa mwezi. Mpe kondakta yeyote wa basi la mchana alishushe Msamvu, dukani wananijua.

Pesa ya treni nimeiweka kwenye simu yako, yako na ya mwenzako mmoja. Ni ya treni, isiende kwenye nyaya. Ukishakata tiketi nitumie picha yake.

Baba yako