Mwanangu, kuhusu majina mapya ya gemu

Oya mwanangu,

Vipi huko Mwanza, shem na mtoto wazima? Sisi huku Tandika tupo, jua linawaka kinoma na umeme wiki hii umekatika mara tatu, ila banda langu la gemu linaenda. Ile voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye daladala natoka Kariakoo kufata padi za kuchezea gemu, ya pili usiku nimeshafunga, nikaona hapana, hii siwezi kuijibu kwa voisi, wacha nikae niandike maana umegusa kitu ninachokipenda sana na naona umekosea.

Umesema hawa wanaotengeneza mashine za gemu, Sony wa PlayStation, Nintendo wa Switch na Microsoft wa Xbox, waache kuhangaika na gemu za majina mapya, hela yote waiweke kwenye zile tunazozijua, ije God of War nyingine, ije Mario nyingine, ije Halo nyingine, maana zimwi likujualo halikuli likakwisha. Afu ukamalizia na Concord, ile gemu mpya ya Sony iliyoanguka, kama ushahidi. Nitafika kwenye Concord, usijali.

Kwanza nikubali kitu kimoja. Mimi kama mwenye banda nalishwa na gemu za zamani. Mechi moja jero, kuanzia mchana mpaka saa nne usiku ni mpira, mpira, mpira, na Mortal Kombat kidogo wakichoka. Gemu ya stori hainilishi hata siku moja, nani atoe jero yake akae kuangalia watu wanaongea dakika tano? Kwa hiyo ningekuwa naongea kwa tumbo langu ningekuunga mkono. Lakini mi nauza muda, wao wanauza mashine, na muuza mashine ana swali lake tofauti kabisa, huyu mtu kwa nini achukue ya kwangu asichukue ya jirani? Mpira upo kwenye PS na upo kwenye Xbox, GTA hivyohivyo, zile ni mali za EA na Rockstar, zinaenda popote penye wateja. Kinachomfanya mtu achague mashine ni ile gemu ambayo haipo kwingine, na hapo ndo mwenye mashine inabidi aamue anazaa mtoto mpya au anamvalisha yule wa zamani nguo nyingine.

Na hilo jina lenyewe tunalipa uzito kuliko linavyostahili. Si unakumbuka 2023 EA waliachana na jina la FIFA, gemu yao ya mpira ikaanza kuitwa EA Sports FC? Jina lilikuwa limekaa pale tangu 1993, miaka 30. Konami nao, wenye ile gemu nyingine ya mpira, walishalitupa jina la PES tangu 2021 wakaiita eFootball. Unajua bandani kwangu walipungua wangapi? Hata mmoja. Mpaka leo mtu anaingia anasema weka FIFA, nawasha, anacheza, wala haangalii juu pameandikwa nini. Watu walikuwa wanaufata mpira wenyewe.

Sa nikupe kisa cha mwezi uliopita. Kuna dogo mteja wangu, mama yake alimwachia mdogo wake wa kike amwangalie, ana kama miaka tisa hivi, basi kaja naye, kamkalisha kwenye benchi na kipakti chake cha ubuyu, yeye kaingia kwenye mpira. Mtoto amekaa nusu saa anaangalia ukuta. Mashine ya pili ilikuwa haina mtu kwa sababu padi moja kijiti chake cha analogi kinaenda chenyewe, wawili hawawezi kucheza, nikaona isiwe tabu, nikamwekea Astro's Playroom, kale karoboti keupe ambako kanakuja bure ndani ya kila PS5 tangu itoke 2020. Mi mwenyewe nilikuwa sijawahi kukacheza zaidi ya dakika kumi. Akafika sehemu yenye mvua, na ile padi ikawa inamtekenya viganja tone kwa tone, akaiweka chini, akaangalia mikono yake, akaniuliza, anko hii imelowa?

Mwanangu, nilisisimka. Sikumtoza kitu siku ile. Jumamosi iliyofata kaja na wenzake wawili, wameshika hela zao, na sa hivi kila Jumamosi asubuhi mashine ya pili ni ya kwao. Wasichana watatu wa mtaani kwetu ambao mpira wangu wa miaka sita haukuwahi kuwaingiza mlangoni hata kuomba maji. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nimeliona hilo kwa macho yangu, kwa kitu ambacho sikukinunua hata kwa shilingi. Gemu ya zamani inamrudisha aliyeshakuwa ndani, yule aliyeko nje hana habari nayo, hamjui Kratos wa God of War, hamjui Master Chief wa Halo, na ukimwambia hii ni ya sita anahisi kachelewa harusi.

Na unajua wale waliotengeneza kale karoboti, studio ya Sony inaitwa Team Asobi, walienda wapi baada ya hapo? Septemba 2024 wakatoa Astro Bot nzima, na Desemba ikachukua gemu bora ya mwaka kule kwenye tuzo za The Game Awards. Ndani yake wamejaa wahusika wa zamani wa PlayStation, hata Kratos yumo, kuna sehemu unashika shoka lake. Nilivyoiona ile nikasema ndo hivi sasa, wakubwa wamemshika mgeni mkono wakamwingiza ndani. Mi sijasema wazee wafukuzwe, usije ukanielewa vibaya.

Sa turudi kwa huyo huyo Kratos unayemtaka kila siku. Unakumbuka lile banda la Temeke, mia mbili, PS2 mbili zilizowekewa chipu na TV ya chogo ambayo ukipiga ngumi ndo rangi inarudi? Siku jamaa alivyoweka ile CD ya mzee mpara mwenye visu vya minyororo, watu walipiga kelele hii nini, toa, weka GTA San Andreas. Watu wakaondoka. Tulibaki mimi na wewe tu, na tulichelewa kurudi nyumbani, na kipigo ulichokula unakikumbuka vizuri. Ilikuwa gemu ya 2005, kabla ya hapo hakukuwa na God of War popote duniani, Kratos alikuja mjini hana ndugu. Wangefata huo ushauri wako ile CD isingekuwepo, na wewe leo usingekuwa na cha kuniambia kije kingine.

Afu angalia alikuja lini, hapa nimefikiria sana siku hizi. PS2 ilitoka 2000, PS3 ikaja 2006, yaani Kratos kaja wakati mashine imeshajaa majumbani, watu wamezichoka zile walizonazo, wako tayari kujaribu. The Last of Us vilevile, jina jipya la Sony, Juni 2013, miezi mitano kabla PS4 haijatoka. Ghost of Tsushima, Julai 2020, miezi minne kabla ya PS5. Na Nintendo mwaka 2017 wanatoa Switch, mashine ngeni, baada ya mashine yao iliyopita, Wii U, kuwaangusha vibaya maana iliuzwa milioni 13 na kitu tu, mlangoni walimsimamisha nani? Zelda, jina la tangu 1986. Kwa hiyo kuna wakati wa mkongwe na kuna wakati wa mgeni. Mashine ikiwa ngeni mlete mtu anayejulikana awatoe watu hofu, nyumba ikishajaa ndo mlete mgeni, hata asipokubalika nyumba haibomoki. Utaniambia mbona Xbox ya kwanza ilianza na Halo 2001, jina jipya kabisa. Sawa, lakini Microsoft kwenye mashine alikuwa mgeni mwenyewe, asingekuwa na mzee wa kumtanguliza.

Kinachoniuma mimi ni mwenye mashine anayezaa mtoto akamtupa. Demon's Souls, 2009, Sony ndo waliisimamia kule Japani, wakaiona ngumu, haieleweki, Marekani na Ulaya wakakataa kuitoa wenyewe, Marekani ikatolewa na kampuni nyingine, Atlus. Wale From Software walioitengeneza wakaenda zao kutengeneza Dark Souls 2011 na wenzao Bandai Namco, ikatoka mpaka kwenye Xbox, wakaendelea hivyo hivyo mpaka Elden Ring ya 2022 iliyouza zaidi ya milioni 20 ndani ya mwaka mmoja. Sony wakarudi 2020 kuiunda upya ileile Demon's Souls waliyoikataa ili wazindulie PS5. Fikiria hicho kitu mwanangu. Walikuwa nayo mkononi.

Microsoft nao ndo usiseme. Hi-Fi Rush, Januari 2023, wameitangaza na kuitoa siku hiyohiyo, gemu ya kupigana kwa kufata mdundo, rangi tupu, watu wakaipenda, ikasifiwa kila mahali, afu Mei 2024 wakatangaza wanaifunga studio nzima ya Tango iliyoitengeneza. Wakorea, Krafton, ndo wakaja kuiokota Agosti. Sa dogo aliyeko kwenye studio nyingine akiona vile, ana wazo lake kichwani, atalisema kwenye kikao? Atanyamaza, atasema tufanye ya sita. Mi naona hapo ndo gemu zinapofia, kabla hata hazijaandikwa.

Haya, Concord. Ndio, ilianguka, na ilianguka vibaya, imetoka Agosti 23 mwaka 2024, Septemba 6 imezimwa, wiki mbili tu, watu wakarudishiwa hela na studio ikafungwa. Lakini upya wake ulikuwa wapi? Timu kwa timu, kila mhusika na nguvu zake, hiyo si Overwatch ya 2016? Afu wanauza dola 40 wakati Overwatch 2 na Valorant zote bure. Huyo hakuwa mgeni, alikuwa jirani kabadilisha shati, afu anataka kiingilio. Linganisha na Splatoon ya Nintendo 2015, wao walianza na vibonge vyeupe na vyeusi kama vipande vya tofu vinarushiana wino, hawana hata wahusika, wanatafuta kwanza mchezo wenyewe kama unanoga, ndo baadae wakapata wale watoto ngisi. Tena ilitokea kwenye hiyohiyo Wii U isiyo na watu, mashine ikafa, gemu ikapona, ya tatu ilivyotoka 2022 iliuza zaidi ya milioni tatu kwa siku tatu Japani peke yake. Au wale Guerrilla, studio ya Sony, waliokuwa wanafanya Killzone tangu 2004, risasi juu ya risasi, wakaachiwa wakatutolea Horizon 2017, binti na upinde wake anawinda maroboti kama swala. Hapo ndo kuna upya.

Ubishi wako wa hela naukubali nusu. PS5 ilivyokuja gemu za Sony zikapanda kutoka dola 60 mpaka 70, na kwa bei hiyo hata mimi naogopa kununua kitu nisichokijua, juzi hapa nimeuziwa diski iliyochunika dukani Kariakoo na kurudisha wamekataa, kwa hiyo uchungu wa hela iliyopotea naujua. Ila dawa yake si kuacha kuzaa. Dawa ni kuzaa kwa gharama ndogo, mgeni aje mfupi, aje kwa dola 30, au awekwe bure ndani ya boksi kama kale karoboti, akipendwa ndo umjengee nyumba. Badala yake tunauziwa The Last of Us ileile 2013, tena 2014, tena imeundwa upya 2022. Naipenda ile gemu, wewe unajua nililia mwanzo tu pale, kwa yule binti wa mhusika mkuu, lakini mara tatu kwa miaka tisa? Hao mafundi waliokaa kuipaka rangi upya wangeweza kuwa wanatengeneza kitu ambacho mtoto wa Tandika hajawahi kukiona.

Basi ndo hivyo. Nimeandika mpaka genge la chipsi la nje limefungwa. Ukija Desemba kama ulivyosema njoo na ile memori kadi yetu, naamini bado unayo, nimeipata PS2 moja kwa fundi Mchikichini inasoma CD vizuri tu, nataka tumalize pale tulipoishia siku ile ya kipigo. Ila uje siku ya kawaida, Jumamosi asubuhi mashine ina wenyewe, na yule mkubwa wao kashamaliza kale ka bure, ananiuliza kila wiki Astro Bot nainunua lini.

Msalimie shem,

Mshkaji wako wa Tandika