Kwa nini tumeacha kuuza unga wa nafaka saba

Kina mama wanaofika hapa mashineni na mtoto wa miezi sita mgongoni huuliza kwanza: "Una ule wa lishe wenye vitu vingi?" Tulikuwa nao: mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano, soya na karanga. (Soya na karanga si nafaka, ila ndivyo soko linavyohesabu.) Ulitoka sana. Tumeuacha, na sababu kubwa ni zinki, madini ambayo mtoto anayahitaji ili akue.

Mtoto mchanga maziwa ya mama yanamtosha. Mwezi wa kwanza, lita moja ya maziwa huwa na miligramu 2 hadi 3 za zinki, na mwili wa mtoto huifyonza vizuri. Kisha hushuka mwezi hadi mwezi. Ikifika miezi sita hubaki kama 1 au pungufu. Mama hajakosea kitu. Hata akila vizuri, kiwango hicho hakipandi sana. Huku mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 3 kwa siku, na akipungukiwa hukua polepole, hukosa hamu ya kula na huharisha mara kwa mara. Aendelee kunyonya, lakini pengo hilo huzibwa na chakula. Mwenye mtoto wa miezi minne hatumuuzii unga. Bado ni wakati wa titi tu.

Sasa nafaka. Zinki imo, ila imefungamana na kitu kiitwacho faiteti, kinachoishikilia tumboni hadi itoke na choo. Kuongeza nafaka ya tano juu ya nne hakuondoi faiteti, maana nayo inayo. Mwaka 1961 Daktari Ananda Prasad aliandika kuhusu vijana wa Iran waliodumaa, chakula chao kikubwa kikiwa mkate wa ngano usiotiwa hamira. Baadaye ikaeleweka kuwa walikosa zinki.

Kwa hiyo siku hizi ulezi tunauloweka usiku kucha, tunautandaza kwenye magunia mabichi siku mbili tatu hadi uote, tunauanika, ndipo tunasaga. Kuota hupunguza faiteti. Na uji wa kimea hubaki mwepesi hata ukitia unga mwingi, mtoto akapata chakula badala ya maji. Karanga tumezitoa kabisa: zinaharibu unga haraka, na zikiwa na ukungu huleta sumukuvu. Zichague na kuzisaga nyumbani, za siku chache tu.

Nakiri jambo ambalo mfanyabiashara hapendi kulisema: unga huu peke yake bado hautoshi. Tia ndani ya uji nyama iliyosagwa laini, maini, dagaa au yai. Gramu 30 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa hutoa kama miligramu 1 na nusu, na zinki ya nyama haisumbuliwi na faiteti kama ya nafaka.

Mtoto akiharisha, usije kwetu, nenda kituo cha afya. Atapewa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji) na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi sita. Vimalizeni vyote hata kuharisha kukikoma.

Kimea hutoka Jumatano na Jumamosi. Dagaa mje nao wakiwa wakavu, vichwa vimetolewa. Tunawasaga jioni, wa mwisho, maana harufu yao haitoki kwenye mashine.