Fumbo la Shakespeare

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nakujibu kwanza lile la Shakespeare, maana halikunipa utulivu. Sikubali dai lako kwamba Francis Bacon, mwanafalsafa na mwanasiasa Mwingereza wa zama zake, ndiye aliyeziandika zile tamthilia na kuficha siri zake humo.

Delia Bacon, Mmarekani aliyelivalia njuga dai hilo, alitoa kitabu chake mwaka 1857. Aliamini kwamba Francis Bacon, Walter Raleigh aliyekuwa mtu wa baraza la kifalme, na wenzao walijikinga kwa jina la Shakespeare mwigizaji ili waikosoe dola. Namheshimu bibi yule kwa kuzisoma tamthilia kama maandishi ya siasa. Walioharibu ni waliokuja baadaye wakihesabu herufi za tamthilia ili wapate ujumbe wa siri wa Bacon. William na Elizebeth Friedman, mabingwa wa kufumbua maandishi ya siri, walizichambua njia zao katika kitabu cha mwaka 1957, na hakuna hata moja iliyosimama. Kanuni zikilegezwa kiasi kile, jina lolote utalipata katika ukurasa wowote.

Sasa tazama wosia wa Shakespeare. Aliwaachia waigizaji wenzake, John Heminges na Henry Condell, fedha za kununulia pete za kumkumbuka. Alifariki mwaka 1616, na mwaka 1623 wawili hao wakatoa tamthilia zake 36 katika kitabu kimoja, wakimwita rafiki na mwenzao. Walifanya kazi naye miaka mingi. Kwa nini tuwaite waongo? Kinachoniuma zaidi ni ile dhana kwamba mtoto wa mshona glavu wa Stratford hawezi kuwa na kipaji kama kile.

Fumbo unalolitafuta lipo, tena lilichezwa hadharani. Februari 1601, wafuasi wa Earl wa Essex, mwungwana mkubwa wa Uingereza, walilipa kundi la Shakespeare shilingi 40 za ziada liigize tamthilia ya kuuzuliwa na kuuawa kwa Mfalme Richard II. Kesho yake Essex akaingia mitaa ya London na watu wake kumwasi Malkia Elizabeth. Augustine Phillips, mwigizaji wa kundi hilo, alipohojiwa, alisema mchezo ule ulikuwa wa zamani mno, wasingetarajia watazamaji. Waigizaji hawakuadhibiwa.

Hebu irudie tamthilia ya Shakespeare, Richard II, hasa pale mfalme anapovuliwa taji mbele ya bunge. Sehemu hiyo haimo katika toleo la 1597. Ilichapwa mwaka 1608, Elizabeth akiwa amekwisha kufariki. Niandikie unavyodhani: kwa nini ilikosekana?

Wasalaam,
Rafiki yako