Bila Gigg Lane, Bury ingerudi wapi?

Mhariri,

Mchambuzi wenu wa soka la Uingereza ameandika kwamba uwanja ni saruji na nyasi tu, kwa hiyo klabu ndogo yenye madeni iuze wake, ikapange kwa jirani. Nampeleka Bury, kaskazini mwa Manchester, mwendo wa tramu tu kutoka mjini.

Klabu ya Bury ilianza kuchezea uwanja wa Gigg Lane mwaka 1885. Si klabu ya kubeza: katika fainali ya Kombe la FA ya 1903 iliichapa Derby County 6-0, na ushindi huo haukufikiwa katika fainali hadi Mei 2019, Manchester City walipoipiga Watford vivyo hivyo. Agosti ya mwaka huohuo Bury ikafukuzwa kwenye ligi, na ndiyo kwanza ilikuwa imepanda daraja. Mishahara ilikuwa haijalipwa, uwanja uko rehani, na klabu yenyewe ilikuwa imeuzwa kwa pauni 1. Nauli ya tramu ni zaidi ya hapo!

Siku zile mkurugenzi wa zamani alijifunga pingu kwenye bomba la maji ya mvua pale uwanjani. Mashabiki wakaitwa waje kusafisha, maana bado kulikuwa na tumaini la mechi ya Jumamosi. Walikuja mamia, na mafagio yao, wakafagia majukwaa na kufuta viti. Usiku jina la klabu likafutwa ligini.

Baadaye baadhi yao waliunda timu mpya, ikawa inapanga kwenye uwanja wa Radcliffe, klabu jirani. Wengine walichangishana na, kwa msaada wa fedha za serikali, wakainunua Gigg Lane mwaka 2022. Basi kundi moja lina timu halina uwanja, jingine lina uwanja halina timu, na bado wakabishana! Kura ya kwanza ya kuungana ilikwama. Ya pili, 2023, ikapita, na timu ikarudi Gigg Lane kuanzia daraja la 9.

Mwenye klabu leo yupo, kesho kauza. Hati ya kiwanja isikae mfukoni mwake. Ishikwe na wanachama, na isiwekwe rehani bila kura yao. Mchambuzi wenu anijibu: kama pale pangejengwa nyumba, hao watu wa Bury wangeungana kwa lipi?

Msomaji wenu,
Mombasa