Barua kwa Zuhura: tope lisilotoa dalili

Dar es Salaam

Mpendwa Zuhura,

Habari za Dodoma, na habari za watoto? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Rasimu ya sura yako ya tatu nimeisoma yote, na nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu mambo haya tungeyapitia juu juu.

Umeandika kwamba usalama wa mabwawa ya mabaki ya migodi, yaani yale yanayohifadhi tope linalobaki baada ya madini kutolewa, unasimama juu ya ukaguzi. Mkaguzi aende mara kwa mara. Akikuta ufa, au ukuta umevimba, au maji yanachuruzika chini, atoe amri na watu wahamishwe. Sura nzima umeijenga hapo, nami ndipo ninapoona hatari. Naomba upatazame upya kabla hujampelekea msimamizi wako.

Chukua bwawa la mgodi wa chuma la Brumadinho, Brazili. Lilikuwa na kimo cha takriban meta 86. Lilianza kujengwa 1976, likawa linapandishwa hatua kwa hatua, na kila hatua mpya ya ukuta ilikaa juu ya mabaki yaleyale yaliyomwagwa zamani. Mwaka 2016 waliacha kumwaga, na mwaka 2018 likapewa cheti cha uthabiti. Tarehe 25 Januari 2019, saa sita na nusu mchana, lilivunjika. Uso wake ulianguka kwa muda usiofika sekunde 10, na ndani ya dakika 5 meta za ujazo milioni 9.7 zilikuwa zimeshatoka. Watu 270 walikufa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mgodi, na bwalo lao la chakula lilikuwa bondeni, chini ya bwawa lenyewe, saa ya chakula cha mchana.

Sasa zingatia hili, Zuhura. Bwawa lile halikuwa limetelekezwa. Lilikuwa na vipimo vya shinikizo la maji, vipimo vya kusogea kwa udongo, na rada iliyokuwa ikilitazama. Siku 7 kabla ya ajali ndege isiyo na rubani ilirushwa juu yake ikachukua picha safi kabisa. Jopo la wataalamu wanne waliochunguza baadaye waliipitia video hiyo na takwimu za vyombo vyote, wasikute dalili yoyote ya maana ya kwamba bwawa linakaribia kuanguka. Kwa hiyo mkaguzi wa sura yako, hata awe mwadilifu na mwenye jicho kali kiasi gani, asingeona kitu.

Sababu iko kwenye tope lenyewe. Mabaki ya uchenjuaji, yale ambayo wachimbaji wadogo wa kwetu huyaita marudio, ni mwamba uliosagwa laini na kumwagwa ukiwa na maji mengi. Chembe zake hutulia zikiwa zimelegeana. Maadamu zinagusana, uzito unabebwa na chembe, na lundo ni gumu kiasi cha kupita na gari. Unamjua muuza mahindi anavyotikisa debe, mahindi yakashuka kwa sababu punje zimepata pa kubanana. Chembe za mabaki nazo zikisukumwa hutaka kushuka vivyo hivyo, ila nafasi zilizo kati yake zimejaa maji. Maji hayabanwi, na kutoka hayapati muda. Basi uzito unahama, unatoka kwenye chembe na kwenda kwenye maji, na maji hayawezi kuzuia kitu kisiteleze. Kilichokuwa ardhi kinatiririka.

Maabara kwetu tunaivika sampuli mpira mwembamba, urefu wake kama shubiri. Tunaijaza maji, tunaibana pande zote, kisha tunaikandamiza kutoka juu taratibu. Kwenye skrini kuna mistari miwili: mmoja nguvu ya sampuli, mwingine shinikizo la maji yaliyomo ndani. Mstari wa nguvu unapanda vizuri tu. Sampuli imefupika kidogo mno, kwa macho hutambui tofauti. Halafu kufumba na kufumbua nguvu inaporomoka, shinikizo la maji linaruka juu, na mpira unavimba ubavuni. Kila ninapoliona jambo hili nawafikiria watu wanaoambiwa wasubiri ufa.

Yale ya Brumadinho yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu yalikuwa na chuma kingi, na kutu ilikuwa imezigandisha chembe. Ukiyagusa unadhani ni imara. Ukweli ni kwamba ugumu wa namna hiyo haupindi, unakatika. Jopo halikupata tetemeko wala mlipuko wa kulaumu. Lilitaja mwinuko mkali wa ukuta, maji yaliyojaa ndani, mabaki yaliyokuwa yakijongea polepole mno chini ya uzito wake, na mvua kubwa zilizolegeza sehemu iliyokuwa bado haijalowa.

Tazama sera ilivyofuata. Ajali ya bwawa jingine la mabaki, la Fundão, ilikuwa imeshatokea 5 Novemba 2015, jimbo lilelile la Minas Gerais. Watu 19 walikufa na tope likashuka na mto Doce hadi Atlantiki. Hata hivyo bwawa la Brumadinho liliendelea kusimama kwa cheti. Baada ya 2019 ndipo serikali ilipopiga marufuku kuta zinazopandishwa juu ya mabaki, na sheria ya shirikisho ya 2020 ikalitia nguvu. Chile walishakataza ujenzi huo mwaka 1970, kufuatia maafa ya mabwawa ya mabaki ya El Cobre ya 1965. Ila kwangu marufuku si sehemu nzito kuliko zote. Nzito ni kifungu kinachohusu eneo ambalo watu hawawezi kuokolewa na mtu mwingine, yaani kilomita 10 chini ya bwawa au mwendo wa dakika 30 wa tope. Mgodi hauruhusiwi kuweka humo ofisi wala bwalo, na bwawa jipya haliruhusiwi kama kuna jamii inayoishi humo. Sheria hiyo hailiombi tope litoe dalili. Inachukulia kwamba litatiririka, kisha inauliza nani yuko njiani.

Ongeza na Aberfan, Wales. Lundo namba 7 la taka za makaa ya mawe liliwekwa juu ya chemchemi iliyokuwa imechorwa kwenye ramani. Asubuhi ya 21 Oktoba 1966 liliteremka likaifunika shule ya msingi ya Pantglas. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Malundo ya pale yalikuwa yameshateleza 1944 na 1963, na sheria za migodi za wakati huo zilikuwa kimya kuhusu malundo. Sheria ilitungwa 1969. Halafu hili lilinichoma sana: pauni 150,000 za kuondoa malundo yaliyobaki zilichukuliwa kwenye mfuko wa misaada ya wafiwa wenyewe, zikarudishwa 1997. Sura yako haina neno kuhusu nani analipa. Iongeze.

Kwetu unaijua Mwadui, mgodi wa almasi wa Shinyanga, ambako bwawa la mabaki lilipasuka tarehe 7 Novemba 2022, na tope lilivyoingia mashambani na majumbani. Hakuna aliyekufa, na nadhani ndiyo maana tumelisahau upesi. Wewe ndiye mwenye nafasi ya kulirudisha mezani. Wizara ukipata nafasi ya kuwahoji, usiishie kuuliza bwawa limekaguliwa lini. Uliza kama mwenye mgodi amepima mabaki yake yakilowa na kusukumwa yanafanyaje. Uliza kama ukuta utasimama hata mabaki yote nyuma yake yakigeuka maji. Uliza kama ramani ya njia ya tope ipo, na kama mwenyekiti wa kijiji amewahi kuonyeshwa.

Ripoti ya jopo la Brumadinho nitakutumia. Ni ndefu, anza na muhtasari, kisha ruka hadi sehemu ya vyombo vya ufuatiliaji. Hesabu zikikukwaza niandikie, nitakufafanulia mstari kwa mstari. Rasimu yako narudisha na basi la Ijumaa, maoni nimeyaandika pembeni kwa penseli.

Mama nisalimie, na mwambie dawa zake nimeshazipata.

Rafiki yako,
Neema