Taa Inawaka, Mbona Mnasema Imekufa?

Kazi yetu ni kukagua vinyonga wanaofugwa nyumbani, na mteja mmoja ametuita wezi. Tulimwambia taa ya UVB ya kinyonga wake imekwisha, naye akaiwasha mbele yetu, ikamulika kizimba chote. "Hii imekufa wapi?" Si wa kwanza kuuliza, na kila tunapojibu tunaonekana wafanyabiashara tunaotafuta kuuza taa. Basi tulieleze hapa, limalizike.

Miale ya UVB haionekani kwa macho. Ni hiyo inayoupa mwili wa kinyonga nafasi ya kutengeneza vitamini D3 kwenye ngozi, na bila D3 ile poda ya kalsiamu unayopaka nyenje inapita tumboni bila kumfaa kitu. Taa nyingi hupoteza UVB ndani ya miezi 6 hadi 12, huku mwanga wa kawaida ukiendelea kung'aa kama siku ya kwanza. Kwa kinyonga wa Yemen, au yule wa rangirangi wa Madagaska, tunapopima pale anapoota jua tunataka kipimo cha ukali wa miale hiyo (UV index) kisome karibu na 3. Cha mteja wetu kilisoma 0.4.

Akasema basi, atamhamishia dirishani apate jua la bure.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu UVB yote. Kinachopita ni joto na mwanga tu. Tuliwahi kuletewa dume aliyelelewa nyuma ya kioo miezi minane. Mwenyewe alidhani amechoka kula nyenje. Tukamwekea mmoja: akamlenga vizuri, macho yote mawili mbele, ulimi ukatoka nusu ukaning'inia, asiweze hata kuurudisha. Nilipomgusa taya ya chini, ilibonyea kama raba. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda mahali pasipo na kiungo. Matege, kama ya mtoto. Daktari wa mifugo aliyezoea reptilia alimwokoa, ila miguu haikunyooka tena, na alizolipa huko zingemnunulia taa za miaka.

Wengine wanaikwepa taa kwa kumwagia D3 kila mlo. Hiyo nayo ina madhara: D3 ikizidi hukaa mwilini, na kalsiamu huanza kuganda kwenye figo na mishipa. Sisi tunashauri kalsiamu tupu karibu kila mlo, yenye D3 mara mbili tu kwa mwezi, na nyenje walishwe vizuri siku moja kabla. Nyenje mwenye njaa ni ganda tupu.

Sasa bei. Tunaambiwa tunatoza "kwa kuangalia taa". Hatuangalii, tunapima, tena usawa wa mgongo wa kinyonga, maana wavu wa juu nao hula miale. Tunapima joto, kisha tunachambua kinyesi. Ndiyo, kinyesi. Ile sehemu ngumu ya mkojo inayotoka pamoja nacho ikiwa nyeupe, maji yanamtosha. Ikiwa ya rangi ya chungwa, ana kiu. Kuna nyumba tulionyeshwa bakuli limejaa pomoni, "maji anayo", na kinyonga macho yamedidimia. Kinyonga hulamba matone kwenye majani. Bakuli la maji yaliyotulia kwa kawaida hata halioni. Tukanyunyizia majani, akanywa karibu dakika kumi. Kazi ya namna hiyo haiishi kwa robo saa.

Mwenye jike asome hapa: hutaga hata kama hajawahi kuona dume. Mpe chombo cha mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 20 hadi 30, achimbe. Jike mmoja tulielezwa kuwa "amenenepa tu". Alikuwa amekwama na mayai, na tulipoitwa tayari tulikuwa tumechelewa.

Na tusisingiziwe udaktari. Akifumba macho mchana, au akikaa mdomo wazi huku mapovu yanamtoka, usitupigie sisi, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Yule mteja hatimaye alikubali. Tulipomuuliza taa ya zamani aliinunua lini, hakukumbuka. Ile mpya tumeiandika tarehe kwenye kitako kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake mwezi wa kuipima tena.