Barua ya Wazi kwa Dada Yangu wa Kigamboni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu sana, na wanao wote watatu wanamwamkia Mama Mkubwa wao. Juzi uliponipigia simu na kuniuliza, kwa sauti isiyokuwa ya ugomvi lakini iliyoniuma kuliko ugomvi, kama bado tuna nia ya kuja Kigamboni au miaka yote hii tumekuwa tukikuahidi ili kukuridhisha tu, nilikwambia kwamba mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa unasumbua. Nilikosa la kusema. Sasa nakujibu, na nimeiacha barua hii wazi kwa sababu katika kibanda changu cha cherehani wanaingia akina mama wengi ambao watoto wao wanawauliza swali lilelile, nasi huliepuka kwa kuzungumzia bei ya vitambaa.

Tunataka kuja, Dada. Tumetaka kuja tangu Agosti 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Jioni ile ya uzinduzi tuliketi sebuleni mimi na shemeji yako tukapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, mtoto wa miaka minne hadi 12 alipe nusu, na aliye chini ya miaka minne asilipe. Binti yetu mkubwa alikuwa na miaka 12, wa kati minane, na kitinda mimba mitatu. Sote watano, kwenda tu, ilikuwa shilingi 93,000. Tukaziandika, tukazizungushia duara, tukasema Desemba Mungu akipenda tutakuwa kwako.

Daftari lile ninalo mpaka leo. Wiki iliyopita nilirudia hesabu kwa nauli zilezile za siku ile, bila kuongeza hata senti. Binti ana miaka 14, kwa hiyo analipa kama mimi. Kitinda mimba ana mitano, kwa hiyo naye analipa nusu. Jumla imefika shilingi 124,000 kwenda, na 248,000 kwenda na kurudi. Nilizoea kuona watoto wamekua kwa sare inayopanda juu ya magoti au kiatu kinachobana, maana hiyo ndiyo kazi yangu, lakini sikuwahi kuiona miaka yao imeandikwa kwa nauli namna ile, na nikatambua kwamba kila mwaka ninaosubiri fedha itoshe, safari nayo inaniongezea bei kupitia miili ya wanangu. Utasema basi lipo. Ni kweli, na zamani tulipanda basi na mtoto tukampakata. Huyu wa miaka mitano hapakatwi tena kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam, na yule wa kati ni mrefu karibu kunifikia bega.

Sababu ya kwanza iliyotuzuia unaijua, ingawa sikukueleza yote. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa vitendo mwaka 2016, mji umejengwa kila upande, na shemeji yako alipata kazi kuliko alivyowahi kupata katika maisha yake ya useremala. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa milango na fremu za nyumba kadhaa za mtu mmoja. Alikopa kwenye kikundi akanunua mbao, akafanya kazi miezi minne, akalipwa malipo ya awali, na yaliyobaki hayajaja mpaka leo. Deni la kikundi halikungoja. Tulipochelewa marejesho ya pili tukaingia kwenye ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na jina hilo, Dada, halijatiwa chumvi hata kidogo. Tumeimaliza mwezi wa pili mwaka huu. Sikukwambia kwa sababu najua ungeuza kitu chako kutusaidia.

Sababu ya pili ni ya msimu, na hii sidhani kama uliwahi kuifikiria. Mimi nashona sare za shule. Desemba, watoto wa wenzangu wanapofunga mabegi kwenda kwa bibi zao, ndipo foleni inapoanza mlangoni kwangu, na inaendelea mpaka wiki ya pili ya Januari. Fedha ya miezi hiyo miwili ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na michango ya mwanzo wa mwaka. Kuifunga cherehani Desemba ni kuufunga mwaka mzima. Inabaki likizo ya Juni, na Juni ndipo mfuko wangu unapokuwa mwepesi kuliko wakati wowote. Wakati nina watoto nyumbani sina fedha, na wakati nina fedha sina siku.

Iko sababu ya tatu, ambayo naona haya kuiandika, lakini ndiyo iliyotuchelewesha zaidi. Nilikuwa naisubiri safari iliyokamilika. Nilitaka nije kwako na debe la karanga, mafuta ya alizeti, ubuyu, na zabibu za Hombolo, ingawa zabibu zetu huvunwa zaidi Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, wala haziafikiani na likizo yoyote ya shule. Nilitaka watoto wawe na nguo mpya, majirani zako wasije wakakuuliza hawa ni wageni wa nani. Nilitaka shemeji yako ashuke kwenye pantoni akiwa na kitu mfukoni cha kumpa kila mtoto wako. Kila nilipokaribia nauli, orodha hii iliila.

Mwaka jana, mwezi wa sita, niliona likizo inakwisha bila watoto kuona chochote zaidi ya ukuta wa jirani, nikawachukua Jumapili moja tukapanda daladala kwenda Hombolo, kilomita 40 hivi kutoka mjini, kulitazama bwawa. Unalikumbuka, lile lililojengwa mwaka 1957. Tulibeba wali na maharage, tukanunua samaki waliokaangwa, tukaketi mbali kidogo na maji kwa sababu ya upepo, maana unajua upepo wa Dodoma wa mwezi huo unavyopenya nguo. Kitinda mimba alisimama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Mama, nyumba ya Mama Mkubwa ni ipi?" Alikuwa anatazama ng'ambo. Aliamini tumefika baharini, na kwamba wewe unakaa upande wa pili, kwa kuwa siku zote husikia kwamba nyumba yako iko ng'ambo ya maji. Yule wa kati alitaka kucheka, dada yake akamzuia kwa macho. Nilimwambia kwamba bahari ni kubwa zaidi, na maji yake yana chumvi. Akaniuliza nani aliitia.

Siku hiyo ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa moyo mmoja, sitaki udhani kwamba watoto wako wana huzuni. Wanakula, wanasoma, wanacheza. Kilichonifanya nishindwe kukujibu kwenye simu ni jambo lililotokea siku mbili kabla yake. Binti alinikuta na daftari lile nikirudia hesabu. Alizitazama namba, akaelewa mara moja, maana hesabu anaziweza, na akasema kwa utulivu kabisa, "Mama, mimi nauli yangu sasa ni ya mtu mzima. Nendeni na wadogo, nitabaki kumwangalia Bibi." Hakununa. Alikwenda kuinjika maji ya chai. Dada, huyu ndiye mtoto ambaye akiwa darasa la tatu alilala na picha uliyotutumia ya kaa wa ufukweni chini ya mto wake. Mwaka huu yuko kidato cha pili, Novemba anafanya mtihani wa taifa, na baada ya miaka michache huenda akawa bwenini mkoa mwingine. Sikuzaa mtoto ili afike miaka 14 akijitoa mwenyewe kwenye safari ya familia kwa kuwa amekua.

Usiku ule nilimsimulia Mama. Akanyamaza, kisha akaniambia habari ambayo sidhani kama na wewe unaijua. Ile safari yetu tulipokuwa tunaishi Gulwe, tulipopanda treni ya zamani usiku, daraja la tatu, wewe ukaling'ang'ania dirisha mpaka Pugu, Baba alimuuza yule mtamba wa madoa ili kuilipia. Mvua zilikuwa zimekatika mapema mwaka ule. Mama hakuzungumza naye vizuri kwa miezi mingi, na mpaka leo anaamini Baba alikosea, kwa sababu mtamba yule angezaa na tungekunywa maziwa. Sikubishana naye, maana yeye ndiye aliyekuwa akitafuta cha kutia chunguni. Ila nilijiuliza ni kitu gani kingine cha mwaka ule ninachokikumbuka. Sikumbuki njaa, wala nguo niliyovaa. Nakumbuka pale Magogoni ulichota maji ya bahari kwa kiganja, ukayaonja, ukanilazimisha nami nionje, na Baba amesimama nyuma yetu amekunja suruali, anacheka.

Sasa nakuomba jambo. Nataka kuja Juni hii, mimi na watoto wote watatu, na binti akiwa wa kwanza kupanda. Shemeji yako amejitolea kubaki na Mama, na ameniambia hivyo bila mimi kumwomba. Nauli yetu wanne kwa hesabu ileile ni shilingi 93,000 kwenda, sawasawa na ile iliyozungushiwa duara mwaka 2024, wakati ingetupeleka sote watano. Kwenye kibubu mpaka jana zilikuwamo shilingi 140,000, na nina sare za wanafunzi waliohamia ambazo sijalipwa. Zitatosha. Tafadhali usitume nauli, nakusihi. Hii niache niilipe mimi, ila chakula na mahali pa kulala tutakutegemea wewe kwa siku tano. Nitakuja na karanga kidogo, na kama hazitapatikana nitakuja bila chochote. Watoto watavaa nguo zao za kawaida, zimefuliwa na kupigwa pasi. Naomba utupokee hivyo hivyo, na uwaambie majirani kwamba ni watoto wa mdogo wako.

Binti sijamwambia bado. Nitamwambia siku nitakapokuwa na tiketi mkononi, kwa kuwa ahadi nimeshampa nyingi. Wewe niangalizie kitu kimoja tu, maana huku kwetu hakuna wa kumuuliza: wiki ya kwanza ya likizo maji yanakupwa saa ngapi, ili kitinda mimba aweze kutembea mbali kwenye mchanga bila mimi kuogopa?

Mdogo wako,
Dodoma